Mapambizo Meusi ya Dunga

Wanyama wa Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, walinunua runinga yao kwa harambee. Ilikuwa 2015, mwaka ambao mitambo ya analojia ilizimwa Kenya nzima na runinga za chogo zikabaki kuonyesha chenga mpaka mwenyewe apate king'amuzi. Nchi za Ulaya na Afrika zilikuwa zimekubaliana Geneva tangu 2006 kwamba siku ya mwisho ni 17 Juni 2015, na Rais Kibaki alizindua matangazo ya dijitali Desemba 2009. Lakini wakazi wa mafunjo waliamka Februari ile, stesheni tatu kubwa za Nairobi zilipotoweka hewani kwa karibu wiki tatu, zikigombea haki ya kurusha mawimbi yao wenyewe. Hapo Kiboko, mwenyekiti wa baraza, akasema Dunga haiwezi kukaa gizani huku Kisumu mjini wanatazama mpira. Akaitisha mchango.

Vyura walitoa, kila mmoja alichokuwa nacho. Korongo akatoa. Fisi-maji akauza ngege wake wote wa juma lile pale ufukweni, akaleta pesa zikinuka samaki. Dani Kobe akafungua pindo la leso yake polepole, akahesabu shilingi moja moja. Kiboko alitangaza mchango wake kwa kipaza sauti mara nne, na mara zote nne akaahidi kuutoa.

Runinga ikaja, bapa, pana, ikatundikwa kwenye ukumbi wa baraza uliojengwa juu ya nguzo. Jioni ya kwanza kulikuwa na kipindi cha kumbukumbu: Gor Mahia na Espérance ya Tunis, fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika, 1987. Nani asiyeijua fainali hiyo upande huu wa ziwa? Sare ya 2-2 kule Tunis, sare ya 1-1 Nairobi, na kombe likaja kwa mabao ya ugenini. Ukumbi ulijaa mpaka milangoni. Kenge, fundi wa runinga mwenye kibanda soko la Kibuye, akawasha king'amuzi, picha ikatokea, wanyama wakapiga vigelegele.

Kiboko peke yake hakushangilia. Alikuwa akitazama kando ya picha, ambako kushoto na kulia kulisimama mistari miwili minene, myeusi tii.

"Nani amekula kioo?" akauliza.

"Hakuna aliyekula, Jaduong'," Kenge akajibu. "Kioo hiki kina upana wa 16 kwa kimo cha 9. Picha hii ilipigwa zamani, ina upana wa 4 kwa kimo cha 3. Ukiiweka nzima, kimo chake kikigusa juu na chini, upana wake unafika 12 kati ya 16. Zinabaki 4. Mbili huku, mbili kule. Ndio huo weusi."

"Nililipia upana wote," Kiboko akasema. "Ijaze."

Kenge alisitasita. Kunguru, karani wa baraza, hakusita. Alinyakua rimoti, akabonyeza kitufe cha umbo mpaka picha ikatanuka kushoto na kulia na mistari ikatoweka. Ukumbi ukapiga makofi. Kisha mpira ukaanza kubingirika, na haukuwa mpira tena. Ulikuwa yai. Duara la katikati ya uwanja lilikuwa limelala kwa ubavu. Nahodha Austin Oduor na vijana wake, waliokimbia kama swala mwaka ule, sasa walikuwa wafupi, vifua vipana, mapaja ya kutisha.

"Mwenyekiti, mpira umekuwa yai," Korongo akasema kutoka nyuma.

Lakini Kiboko alikuwa ametulia kabisa, macho yamelegea kwa raha. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliona kioo kizima kimejaa watu wenye umbo lake. "Hawa sasa wana afya," akasema. "Zamani tulikuwa tunawaona wamekonda kwa sababu mafundi walikuwa wanatuficha."

Kunguru akaandika katika kumbukumbu za baraza kwamba chini ya uongozi wa Mwenyekiti wananchi wote wameongezeka unene kwa theluthi moja. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Picha ya 4 kwa 3 ikinyooshwa ijaze kioo cha 16 kwa 9, kila kilichomo hupanuka kwa theluthi moja kamili, wala hakiongezeki kimo hata kidogo. Namba za Kunguru zilikuwa za kweli siku zote. Uongo ulikuwa katika kile alichozifanya zithibitishe.

Juma lililofuata walitaka kuona mkanda wa harambee yenyewe. Mbayuwayu ndiye aliyeupiga, kwa kamera ya zamani ya umbo la 4 kwa 3. Safari hii Yangeyange, anayejivunia shingo yake nyembamba, alikataa katakata kutanuliwa mbele ya umma. "Mimi si bata," akasema, akatishia kudai arudishiwe mchango wake.

Kunguru akapata njia nyingine. Akabonyeza kitufe cha kukuza. Picha ikavimba kwa usawa pande zote hadi upana ukajaa, na kweli Yangeyange alionekana mwembamba kama alivyo, shingo nzuri, mguu mzuri. Tatizo likatokea juu na chini. Picha ikikuzwa hivyo, kimo hukatwa kwa robo: sehemu moja ya nane inapotea juu ya kioo na nyingine kama hiyo inapotea chini. Huko juu kilikuwa kichwa cha Korongo. Mkanda mzima alionekana kifua na mabega, akihutubia bila kichwa. Na huko chini, safu ya mbele, chini kabisa, mahali wanapokaa siku zote kwa sababu ya udogo wao, walikuwa Vyura.

Vyura walijitafuta, hawakujiona. Wakasogea karibu na kioo, wakachungulia kwa chini, kana kwamba mtu anaweza kuinama akaona kilichokatwa.

"Tulikuwepo," wakasema. "Tulichanga."

Kunguru akatazama kioo, akatazama orodha ya wachangaji, akatazama kioo tena. "Waliochanga ni hawa wanaoonekana," akasema, akapiga mstari juu ya majina ya Vyura wote. Ukurasa haukuwa na nafasi ya kuandika pingamizi lao. Kiboko alikuwa ameagiza tangu siku ya yai kwamba daftari la baraza liandikwe ukingo hadi ukingo, lisiachwe hata kidole cha karatasi tupu.

Ndipo Kenge alipoomba apewe dakika chache na mikeka miwili.

Dunga mafunjo ndiyo mali: husukwa mikeka, vikapu, viti. Kenge akatandika mkeka wa kwanza, wenye umbo la runinga ya zamani. Akawaeleza umbo hilo lilikotoka: karakana ya Thomas Edison, Marekani, miaka ya mwanzo ya 1890, ambako William Dickson aliikata filamu ya milimita 35 na kuipa kila picha kimo cha matundu manne. Upana wa 4 kwa kimo cha 3 ukazaliwa hapo. Televisheni ilipokuja ikaurithi, nasi tukaupokea hivyo hivyo matangazo ya televisheni yalipoanza Kenya mwaka 1962. Kisha akatandika mkeka wa pili, mrefu na mwembamba. Huo ni wa sinema: miaka ya 1950 wenye sinema waliona televisheni inawanyang'anya watazamaji, wakaipanua picha yao ili iwe na kitu ambacho sebule haina. CinemaScope ilitoka 1953. Picha hizo zina upana unaozidi kimo mara mbili na zaidi, kama huu wa 2.35 kwa 1.

"Mikeka hii ina eneo sawa," Kenge akasema. "Hakuna aliyepunjwa mafunjo."

Akaiweka mmoja juu ya mwingine, katikati kwa katikati. Mmoja ukazidi juu na chini, mwingine ukazidi ubavuni. Akawapa Vyura kamba waizungushe mikeka yote miwili kwa nje, iguse ncha za mwisho za kila upande, wakapata mstatili mkubwa. Kisha akawaonyesha mstatili mdogo ulio ndani, pale mikeka inapolaliana. "Pimeni."

Vyura wakapima kwa kuruka. Mstatili wa nje: upana ukigawanywa kwa kimo, 1.77. Mstatili wa ndani, mdogo kabisa kuliko ule: 1.77. Umbo lile lile. Wakarudia, kwa sababu hawakuamini, likatoka lile lile.

"Ndiyo 16 kwa 9," Kenge akasema. "Katika miaka ya 1980 Mmarekani Kerns Powers alifanya hivi kwa vipande vya karatasi, dunia ilipokuwa inabishana runinga mpya iwe na umbo gani. Hakuchagua umbo la wenye sinema, hakuchagua la wenye runinga. Alichagua lile ambalo kila picha itaingia nzima, ya babu na ya mjukuu, na kila moja italipa weusi kidogo. Kwa hiyo, Jaduong', mistari hii haikuja kwa bahati mbaya. Kioo chako kilikatwa kikiwa kinaijua."

Nimelikalia jambo hili la mikeka kwa sababu nimewasikia watu wazima, wenye kusoma, wakisema mapambizo meusi ni ubovu wa king'amuzi au wizi wa mwenye stesheni. Nadhani ni moja ya maafikiano ya haki zaidi yaliyowahi kufikiwa juu ya kitu cha nyumbani, na inaniuma kuona kila siku watu wakiyafuta kwa kidole gumba bila kujua wanachofuta.

Kiboko alisikiliza mpaka mwisho. "Huyo Powers," akauliza, "alichanga shilingi ngapi katika harambee yetu?"

Ukumbi ukacheka, na hoja ya Kenge ikafia hapo.

Dani Kobe hakuwepo kwenye kicheko. Yeye alikuwa amebaki na runinga yake ya chogo nyumbani, kwenye kimwinuko kilicho njiani kwenda mjini. King'amuzi alichonunuliwa na wanawe kilimpa mateso ya namna yake: vipindi vya zamani vilimjia vikiwa vimezungukwa na weusi pande zote nne, juu, chini, kushoto, kulia, na picha imekaa katikati kama stempu ya barua. Akamwita Kenge.

Kenge akaona mara moja. Stesheni ilikuwa imeipa picha ya zamani mapambizo ya ubavuni ili iingie kwenye umbo pana. Kisha king'amuzi, kwa kujua kioo cha Dani ni cha 4 kwa 3, kikaongeza mapambizo ya juu na chini ili umbo pana liingie kwenye lake. Robo tatu ya robo tatu: picha ikabaki na asilimia 56 ya kioo. Kuna alama ndogo husafiri ndani ya mawimbi ya dijitali kuviambia vyombo picha halisi ina umbo gani; ikiwekwa, king'amuzi kinachoielewa huondoa weusi usiohitajika. Kipindi kile hakikuwa nayo.

"Kwa vipindi vya zamani naweza kukuwekea kikate pembeni," Kenge akamwambia. "Hapo utapata picha nzima bila weusi. Lakini ukisahau kuirudisha, vipindi vipya vitakatwa kushoto na kulia. Msomaji wa habari akikaa upande, utamsikia tu."

"Mimi nasahau," Dani Kobe akasema. "Iache nzima."

"Itakuwa ndogo, Dani."

"Nitasogeza kigoda."

Basi ikawa hivyo. Wajukuu walinung'unika, wakazoea.

Huku chini, Kiboko alikuwa amekolea. Aliyemzoesha macho kuona nafasi tupu kama hasara alikuwa yeye mwenyewe, na sasa aliiona kila mahali. Aliiona kwenye daftari. Aliiona kati ya banda na banda pale ufukweni. Siku moja alisimama kwenye ukumbi akatazama ukanda wa mafunjo uliotenganisha makazi na maji, ukanda ambao mababu waliuacha bila kujenga, akasema: "Na hili pambizo nalo, linakaa bure kwa faida ya nani?"

Kenge alisema mafunjo huvunja nguvu ya mawimbi na huchuja tope la mito, na samaki wachanga hukulia humo. Yangeyange alisema wapo ndege wasiojua kuishi popote ila ndani ya mafunjo. Kunguru akaandika yote hayo, hadi ukingo wa karatasi, na azimio likapita. Ukanda ukafyekwa. Mama Ndezi, ambaye kwao kulikuwa humo ndani ya mafunjo, akapewa kiwanja pale pale mahali pake pa zamani, mlango umeelekea ziwani, akaambiwa ashukuru. Sungura akapewa cha jirani. Kiboko mwenyewe, anayepanda nchi kavu usiku kwenda kula majani, aligundua baada ya mwezi kwamba njia yake ya kupandia imezibwa na ua wa mtu. Hakulitaja jambo hilo barazani. Alianza kuzunguka mbali, hadi karibu na Hippo Point.

Miaka ikapita. Mvua za mwishoni mwa 2019 hazikukoma, zikaungana na za 2020, na mito ikaleta maji kutoka milimani bila kupumzika. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kuvuka rekodi ya 1964, ile ambayo wazee walikuwa wakiihesabia umri wao. Tambarare za Kano zikafurika. Dunga maji yakaja usiku, yakaingia bila kugusa hata jani la funjo, kwa kuwa halikuwepo.

Mbayuwayu aliruka juu ya ufukwe ule akiwa na simu. Aliishika wima, kama wengi wanavyoishika, akapiga picha ya sekunde chache, akaituma stesheni. Stesheni ikaionyesha katika habari za saa moja. Picha ya simu iliyosimama ina upana wa 9 kwa kimo cha 16. Ikiwekwa nzima ndani ya kioo cha runinga hukaa katikati kama ufito, haifiki hata theluthi ya upana, na kwingine kote ni weusi.

Kwenye ukumbi wa baraza Kiboko aliona weusi ule, akahisi ametukanwa. "Ni nini hiki? Jaza!"

Kunguru akakuza. Akakuza tena. Picha ikavimba hadi mapambizo yote mawili yakamezwa, na kilichobaki kwenye kioo kilikuwa kile kipande cha katikati, chini ya theluthi moja ya kimo cha picha. Kipande hicho kilikuwa maji. Maji mengi, ya hudhurungi, yametulia, yamejaza kioo kutoka ukingo hadi ukingo.

Baraza likayatazama kwa makini. "Maji tu," Kiboko akasema. "Hakuna mtu hapo." Kunguru akaandika: *Eneo limekaguliwa. Maji yameingia. Hakuna mwananchi aliyeonekana.* Mitumbwi miwili ya baraza ikabaki imefungwa kwenye nguzo.

Habari ile ile ilikuwa inaonyeshwa kwenye chogo cha Dani Kobe. Kioo chake kililipa weusi mara mbili, wa stesheni na wa king'amuzi, na picha ya Mbayuwayu ikamfikia ikiwa imechukua chini ya robo ya kioo kizima. Wajukuu walisogea hadi pua zikakaribia kugusa. Fisi-maji alikuwepo, amekuja kuomba moto.

"Pale juu," mjukuu mmoja akasema. "Juu kabisa. Kwenye paa."

Walikuwa watoto wa Ndezi, wameshikana, na mama yao ameshika bati kwa meno.

"Na chini," mwingine akasema. Chini kabisa ya picha, karibu kuangukia kwenye weusi, Sungura alikuwa amesimama ndani ya mtumbwi uliopasuka, akitoa maji kwa kopo.

Fisi-maji hakuomba moto tena. Aliteremka mbio, na njiani akawaita Vyura, na Vyura wakaitana bwawa hadi bwawa kama wanavyojua wao. Walimkuta Kunguru amelalia kamba za mitumbwi, wakamwamsha wakamwomba azifungue. Akawaambia baraza limeshakagua. Fisi-maji akazikata kwa meno.

Waliwapata wote. Watoto wa Ndezi walikuwa wanne.

Maji hayakurudi upesi, yalikaa miezi. Baraza lilipokutana tena lilikutana kwenye kimwinuko, uani kwa Dani Kobe, ukumbi ukiwa bado una maji hadi kwenye ngazi. Kunguru akasoma kumbukumbu za mkutano uliopita, akafika mahali pale: hakuna mwananchi aliyeonekana.

Mama Ndezi akanyanyuka. Alikuwa na pengo mbele, jino lililobaki kwenye bati. "Omera, rekebisha hapo," akasema. "Tulikuwa watano, na Sungura wa sita."

"Siwezi," Kunguru akajibu, na kwa hili alisema kweli. Akaugeuza ukurasa wote wauone: maandishi yalikuwa yamejaa kutoka ukingo hadi ukingo, hakuna mahali pa kuweka hata nukta. Kiboko akatazama chini.

Mama Ndezi akaenda mbele, akamwondolea daftari mikononi, akafungua karatasi mpya. Akaikunja ukingo wa kushoto, akaukandamiza kwa kidole mkunjo ukasimama. Akaikunja na ukingo wa kulia. Kisha akamrudishia kalamu.

"Tutaanza na ile harambee," akasema. "Andika. Chura wa kwanza, shilingi kumi."